Zamu ya Nyumba ya Tembe

Nianze kwa kujisifu, kwa sababu nikingoja mtu mwingine anisifie nitangoja sana. Jumuiya yetu ya sala ni bora kuliko zote ninazozijua. Ziko zinazoimba vizuri kutuzidi, na iko moja upande wa pili wa barabara yenye sare za vitenge na spika kubwa inayotusumbua kila Jumamosi. Lakini sijasikia jumuiya nyingine iliyowahi kugombana kwa jambo lilelile lililowagombanisha Wakristo wa kwanza kabisa, na ikatoka kwenye ugomvi huo ikiwa imenenepa. Na aliyetugombanisha ni baba yangu mzazi. Ndiyo maana kila nikisimulia habari hii shingo yangu inarefuka kidogo, na sioni sababu ya kuifupisha.

Kijiji chetu kiko mashariki ya mji wa Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Buigiri. Nilipokuwa mtoto palikuwa na mashamba ya uwele na mtama, mifugo, vumbi, na nyumba za tembe. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa lililosilibwa kwa udongo na mlango unaomlazimisha kila mtu ainame, hata awe mkuu wa wilaya. Kisha serikali ikahamia Dodoma, viwanja vikapimwa, na watumishi wakaja kujenga. Siku hizi ukisimama shuleni kwetu, mahali ninapofundisha darasa la nne, unaona mabati ya kila rangi na mageti yenye maua ya chuma. Katikati yake nyumba ya baba imelala chini, rangi ya ardhi yenyewe, na zizi lake ubavuni.

Watu wasiomjua huiona nyumba ile wakamhurumia. Hawajui kwamba baba ana ng'ombe wa kutosha kujenga nyumba ya bati akitaka. Hataki. Anasema bati linapiga kelele mvua ikinyesha na linachoma jua likiwaka, sasa faida yake ni ipi. Nimeshajaribu kubishana naye juu ya hilo wakati wa kiangazi, nimekaa kwangu chini ya bati langu la kijani nikitokwa jasho, kisha nikaenda kwake nikakuta kumepoa. Siku hizi sibishani.

Baba alibatizwa uzeeni. Mama yangu alikuwa mtu wa Gulwe, mzaliwa wa nyumba ya Kikristo kando ya reli, na aliolewa na mchungaji wa ng'ombe asiyejua hata wimbo mmoja wa kanisani. Ndugu zake walinuna miaka mingi. Mama hakununa, alimwombea. Kila Jumapili baba alimsindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, akakaa nje ya ukuta na fimbo yake magotini, akamngoja, wakarudi pamoja. Ilikuwa hivyo mpaka mama alipofariki. Jumapili chache baada ya mazishi, baba alikuja kanisani peke yake, akasimama mahali pake pa siku zote nje ya ukuta, kisha akaingia. Mchungaji alipomuuliza kilichomleta ndani, alijibu, "Nimechoka kukaa nje."

Cheti chake cha ubatizo amekiweka kwenye sanduku, ndani ya kanga ya mama. Nalisema hili mapema ili ieleweke nilikuwa naogopa nini baadaye.

Jumuiya yetu ni mchanganyiko. Tupo wenyeji, Wagogo wa hapahapa, na wapo watumishi waliokuja na wizara zao. Mwenyekiti wetu ni mmoja wa hao wageni, mtu wa makamo kutoka Dar es Salaam, mwema hadi anaudhi. Mtoto wa mtu akiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika na gari. Msiba ukitokea, turubai limeshafungwa kabla hujajua nani kalileta. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: siku zake za kwanza alikuwa akiruka vinyesi vya ng'ombe kwa viatu vyeusi vinavyong'aa, na watoto wangu wa darasa la nne wakimhesabia alama. Lakini alituzoea, nasi tukamzoea, tukamchagua.

Kila Jumamosi alasiri tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu. Tunasali, tunajifunza, kisha tunakula alichoandaa mwenye nyumba. Mwisho wa ibada mwenyekiti anasimama na kutangaza, "Wiki ijayo tutakuwa kwa fulani." Zamu inatembea nyumba hadi nyumba kufuata njia, kwa hiyo kila mtu anajua yake inakaribia. Baba alijua. Wiki ambayo tulisali kwa jirani yake wa juu, alikuwa ameshachagua mbuzi.

Mwenyekiti alisimama akatangaza nyumba ya jirani yake wa chini.

Nilidhani amesahau. Tulirudi nyumbani, baba akamfungulia yule mbuzi akachunge na wenzake. Zamu ikazunguka kijiji kizima, ikarudi kwa jirani wa juu, na safari hii nilimtazama mwenyekiti usoni kabisa alipofungua kinywa. Akaruka tena. Aliruka kwa upole, akimtazama baba na kutabasamu, kama mtu anayempisha mzee kwenye kiti.

Hapo nikaelewa. Nikamfuata kwenye gari lake.

"Mwenyekiti," nikasema, "kwa mzee hatuendi?"

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi," akanijibu kwa furaha, kama aliyekuwa akingoja nimshukuru. "Tulishaongea mimi na mke wangu. Mzee wetu yuko peke yake, hana mke, hana uwezo, nyumba yenyewe ndiyo ile. Tusimtwishe mzigo. Yeye aje tu ale kwetu. Sisi ni watoto wake."

Nina hasira za haraka, wanafunzi wangu watakuambia. Lakini utamgombezaje mtu anayekuonea huruma macho yakiwa yamelowa? Nilimwambia asante. Nikaenda nyumbani nimejaa maneno mdomoni mpaka yakanichoma.

Ambacho mwenyekiti hakukijua, na hangeweza kukijua kwa kuwa hakuzaliwa hapa, ni namna kijiji kilivyoiona huruma ile. Kwetu chakula cha mtu hakirukwi. Ukipita nyumbani kwa mtu ukakaribishwa, unaonja hata kama umeshiba, walau kwa ncha ya kidole. Usipoonja, umesema jambo. Umesema unakiogopa chakula chake, na watu wanajua chakula cha namna gani huogopwa. Sasa jumuiya nzima, watu waliosoma, wenye magari, walikuwa wakipita mlangoni kwa baba mara ya pili bila kuingia, wakienda kula kwa jirani. Mashahidi walikuwa kijiji kizima.

Wa kwanza kulitamka alikuwa mzee mwenzake wa kisimani. Huyu ni rafiki wa baba tangu ujana. Wananywesha ng'ombe kisima kimoja kila asubuhi, wanataniana kila asubuhi, na yeye hajabatizwa na wala hajawahi kutaka. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka ndoo zangu, nikasikia kwa masikio yangu.

"Hawa wenzako wa kanisani," alimwambia baba akimpiga ng'ombe kofi la ubavuni, "wamekuosha kwa maji, lakini naona bado hawajaamini kama umetakata. Mbona chungu chako wanakiogopa?"

Ulikuwa utani. Wachunga ng'ombe wawili waliokuwapo walicheka, na baba naye alicheka. Lakini tulipokuwa tunapanda kurudi, alisimama njiani, akaegemea fimbo.

"Zamu ikinipita tena," akasema, "nitamrudishia mchungaji kile cheti chake."

"Baba, ngoja nikaongee na mwenyekiti. Hajui tu."

"Usiende."

"Lakini hajui, baba."

"Zamu ya kuombewa si zamu. Ukienda kuniombea, watakuja kwa sababu umelia. Watakula kwa sababu ya machozi yako. Sitaki." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilikaa nje miaka yote ile na sikuona aibu, kwa sababu ukuta niliuweka mwenyewe. Huu wameuweka wao."

Namjua baba yangu. Akisema atarudisha, atarudisha, tena atakikunja cheti vizuri na kumshukuru mchungaji. Nikafikiri juu ya mama na magoti yake, na sala za maisha mazima ambazo sasa zingefutwa na wema wa mtu mwenye gari. Sikulala vizuri siku zile. Nilimwomba Mungu kwa ukali, namna ninavyozungumza na wazazi wa watoto watoro.

Kunikataza kuongea na mwenyekiti ilikuwa amri, na amri ya baba siivunji. Lakini mimi ndiye mwalimu wa somo katika jumuiya, na kufundisha hakunikataza. Wakati ule tulikuwa tukijifunza habari za kanisa la kwanza, na zamu ilikuwa imezunguka, inakaribia tena kwa jirani wa juu. Nikapanga masomo yangu mpaka wiki ile ikaangukia habari ya yule mtume mvuvi na akida wa Kirumi. Kama kupanga hivyo ni ujanja, basi nilisomea ujanja huo chuoni Mpwapwa, na nikafaulu.

Tulikuwa sebuleni kwa jirani wa juu, wengine kwenye makochi, wengine kwenye mkeka. Baba alikaa karibu na mlango. Niliwasimulia jinsi mtume alivyopanda juu ya nyumba mchana kuomba, njaa ikamshika, akaona katika maono shuka kubwa likishuka likiwa na kila aina ya mnyama, akaambiwa ale, akakataa kwa kuwa kwa sheria ya kwao walikuwa najisi.

"Samahani, Mwalimu," akasema mke wa mwenyekiti. "Hapo huwa sielewi. Alipandaje juu ya nyumba? Juu ya bati?"

Watu walicheka. Kabla sijajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Hapakuwa na bati," akasema baba. "Ilikuwa paa bapa la udongo. Unapanda, unakaa, unaanika mtama, unapunga upepo. Hata kuomba utaomba." Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyekutana na ndugu ugenini. "Kumbe wale wa kwanza walikaa kwenye tembe."

Nakiri sikuwa nimelitayarisha hilo. Nilikuwa nimekuja na hoja zangu zote, na hoja moja kubwa kuliko zangu ilikuwa imekaa mlangoni ikinitazama. Nikaendelea kwa haraka kabla moyo haujanishinda. Nikawaambia mtume alivyoshuka, akaenda kwa yule mgeni wa kabila jingine, akaingia ndani, akakaa siku kadhaa. Na aliporudi kwa ndugu zake, walimshitaki.

"Walimshitaki kwa kosa gani?" nikauliza.

"Kuwahubiri watu wa mataifa," akajibu mwenyekiti.

"Hapana. Kuhubiri hakukuwa kesi. Wangeweza kumvumilia ahubiri, hata abatize. Soma tena uone. Walimwambia: umeingia nyumbani kwao ukala nao. Kesi ilikuwa chakula."

Nikaendelea, na sasa nilihisi sauti yangu inapanda, sikuizuia. Nikasema kwamba ni rahisi kumpa mtu. Kumpa mtu, wewe unabaki juu na mkono wako unashuka. Kula kwake ndiko kugumu, kwa sababu unainama mlangoni kwake, unakaa anapokukalisha, unaweka tumboni mwako alichopika yeye. Wakristo wa kwanza waligombana kwa jambo hili mpaka wakakemeana mbele ya watu, kwa sababu walijua kanisa litajulikana kwa wanaokula pamoja na nyumbani kwa nani. Nikanyamaza hapo. Nilikuwa nimefika ukingoni mwa amri ya baba, na hatua moja zaidi ningeivuka.

Wenzangu walitoa mawazo yao. Mmoja alisema tusibaguane kwa makabila. Mwingine akasema tukaribishe wageni, watu hawa wanahamia kila siku. Mwenyekiti akasema tumshukuru Mungu kwamba sisi hapa tunaishi sawasawa na kanisa lile, tunasali na kula nyumba kwa nyumba. Watu wakaitikia amina.

Baba alinyoosha mkono, kama mwanafunzi wangu.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Mwalimu amesoma, nimesikia. Wale wa kwanza walikuwa na tembe. Sisi tunafuata nyayo zao, nyumba kwa nyumba. Nauliza tu. Tembe mmeiruka kwa nini?"

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililowamaliza.

"Mzee wangu," akasema mwenyekiti, "tulitaka kukupumzisha. Hatukutaka kukupa mzigo."

"Najua. Wewe ni mtu mwema, mwanangu. Lakini hapa kwetu mtu ambaye watu hawali kwake ni mmoja wa wawili: ama amekufa, ama ni mchawi." Baba akajitazama mikono, akaigeuza. "Mimi sijafa."

Wenyeji waliinamisha vichwa, maana walikuwa wanajua muda wote na hawakusema. Nilimwona mke wa mwenyekiti akiweka kiganja mdomoni. Mwenyekiti alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maneno ya kiofisi. Alikwenda hadi mlangoni, akainama mbele ya baba. "Shikamoo, baba," akasema, japo walikuwa wameshasalimiana. "Tusamehe. Wiki ijayo, ukitukubalia, tutakuwa kwako."

"Marahaba," akasema baba. "Njooni na njaa."

Wiki ile nyumba ya tembe ilifagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Mimi na dada yangu tulisaga uwele, tukatayarisha mlenda, na maziwa yakagandishwa kwenye vibuyu. Baba alichinja mbuzi yule aliyekuwa amemchagua zamani. Alikuwa amenenepa kwa muda wote huo wa kungoja, na baba alilisema jambo hilo kwa kila aliyepita. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alimwalika mzee wa kisimani.

"Baba, yeye si wa jumuiya."

"Ndiye aliyeniuliza swali," akasema. "Aje apate jibu lake."

Jumamosi watu walifika wote. Waliinama mlangoni mmoja mmoja, wafupi kwa warefu, na baba akasimama ndani akiwapokea, "Mbukwenyi, karibuni," na wale wageni wakijaribu kuitikia Kigogo na kukosea. Wa mwisho alikuwa mwenyekiti, nikachungulia nje. Gari lake lilikuwa limefunguliwa nyuma. Mlikuwa na sufuria kubwa la pilau lililofungwa kwa kitambaa, kreti za soda, na viti vya plastiki.

"Tumeona tusije mikono mitupu," akanieleza mkewe, akishusha sauti. "Sisi tumelelewa hivyo. Na kama chakula hakitatosha…"

Alikuwa anasema kweli. Hata hapa kwetu hutaonekana mwenye adabu ukienda kwa mtu mikono mitupu. Lakini kuna zawadi na kuna akiba ya kujihami, na sufuria lile lilikuwa la kuwalisha watu wote waliokuwa mle ndani. Mzee wa kisimani alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya zizi. Alilitazama sufuria, akamtazama baba, akakohoa.

Baba alitoka nje. Alizunguka gari polepole kama anayekagua ng'ombe mnadani, akanusa pilau.

"Linanukia," akasema. "Mke wako anajua kupika. Hili tutalila siku ya zamu yenu, na mimi nitakuwa wa kwanza kunawa." Kisha yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akaufunga mlango wa nyuma wa gari. Akaufunga kwa upole, kama mtu anayefunga zizi jioni. "Leo ni yangu."

Mwenyekiti alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini, kisha mwenyekiti akacheka. Namheshimu kwa kicheko kile hadi leo. "Tumekoma, baba," akasema, akainama, akaingia.

Tulisali. Tuliimba mle ndani kwenye ubaridi wa udongo, sauti zikakaa nasi bila kupigwa na bati. Kisha chakula kikatengwa. Baba aliwakalisha mwenyekiti na mzee wa kisimani sinia moja, bega kwa bega, mmoja kwenye ngozi na mwingine kwenye kigoda. Nilikuwa nikigawa mboga, lakini kusema kweli nilikuwa nikimtazama mwenyekiti tu. Alikata tonge la ugali wa uwele, akalichovya kwenye mlenda. Mlenda ni mboga inayovutika, na anayeuanza ukubwani huwa na kazi. Uzi wake ulimfuata kutoka bakulini hadi kidevuni, ukapita juu ya saa yake ya mkononi, ukakataa kukatika. Mzee wa kisimani aliusimamia uzi ule kwa macho mpaka mwisho wake.

"Zungusha mkono," akamwambia. "Hivi."

Mwenyekiti akazungusha. Ukakatika. Akala, akakata tonge jingine, kisha jingine. Nyama ilipoisha kwenye sinia lao, alimgeukia baba akasema, "Mzee, kuna nyongeza?"

Nimemwona baba siku ya harusi yangu, nimemwona siku ya ubatizo wake. Sijawahi kuona uso ule. Aliinuka yeye mwenyewe, akakataa nimsaidie, akaenda jikoni, akarudi na bakuli limejaa. Alipita katikati ya watu wale wote akitembea taratibu, bila sababu yoyote ya kutembea taratibu isipokuwa aonekane. Nikamwona mama mle ndani. Sisemi kwa maono. Nasema nilijua angekaa kona ipi, na angekuwa amevaa kanga ipi, na nikasimama na mwiko wangu nikalia mbele ya watu bila kujifuta.

Tulipomaliza kunawa, mwenyekiti alisimama kutangaza zamu. Ilikuwa ya jirani wa chini. Kabla hajamtaja, mzee wa kisimani akagonga fimbo chini.

"Na mimi nina swali," akasema. "Kwangu ni baada ya huyo jirani wa chini, kwa kufuata njia. Mnapita pale kila mara. Mimi sijaoshwa na maji yenu, na sisemi nitaoshwa. Lakini nina mbuzi. Mnaweza kula kwangu?"

Niliwaona wenzangu wakitazamana. Mmoja wa wazee wa jumuiya alisema kwa upole kwamba jumuiya ni ya waumini, na kwamba labda ingefaa kwanza aulizwe mchungaji. Mwingine akasema angalau tungeanza kwa kumfundisha. Mwenyekiti alinigeukia mimi, mwalimu wa somo. Na mimi, niliyekuwa nimesimama mbele yao wiki moja tu nyuma nikiwaeleza kesi ya chakula kwa sauti ya juu, nikamgeukia baba.

Baba hakuwa na haraka. Alikuwa akijichokoa meno.

"Yule mtume," akasema, "aliuliza kwanza?"

Mwenyekiti alijitazama mkono, mlenda umeganda kwenye mkanda wa saa yake. Kisha akajiweka sawa, akakohoa kama anavyokohoa kila Jumamosi.

"Wiki ijayo tutakuwa kwa jirani wa chini," akatangaza. "Na wiki itakayofuata," akamgeukia mzee wa kisimani, akainama, "shikamoo, mzee, tutakuwa kwako."

Tulikwenda. Mchungaji alipopata habari naye alikuja, na hilo ni simulizi la mchungaji mwenyewe, alisimulie akitaka. Mimi ninalolikumbuka ni tulipofika uwanjani kwa yule mzee, baba akiwa mbele yetu na fimbo yake. Mwenyekiti aliegesha gari chini ya mti, akashuka na kilo ya sukari mkononi kwa mwenye nyumba, kama mtu yeyote mwenye adabu. Kisha akazunguka nyuma, akafungua buti, akasimama pembeni ili baba aone vizuri. Mlikuwa na tairi la akiba tu.

Baba alichungulia mpaka ndani kabisa, akatikisa kichwa, akaridhika. Wakaenda wote wawili kuinama mlangoni.